Mbao Nne na Dawa ya Mamba

Jumapili, 10 Septemba 1995

Leo nimesimama juu ya maji. Hapana, nisijidanganye, humu hasomi mtu. Nimepiga magoti juu ya maji, kwa muda wa kusali Baba Yetu mpaka kwenye "jina lako litukuzwe". Kisha nikaanguka kwa kidevu.

Ubao wenyewe si ubao. Ni mfuniko wa friza bovu lililotupwa nyuma ya mtambo wetu wa barafu. Bati juu, bati chini, povu katikati. Unaelea vizuri ila kingo zake ni wembe. Nina mkwaruzo gotini na mwingine mahali ambapo siwezi kuwaonyesha watu wa zahanati.

Haya yote yameletwa na video. Jumapili iliyopita, pale kibandani kando ya barabara ya Musoma, waliweka mkanda wa wazungu wanaosimama kwenye kipande cha ubao huku wimbi linawasukuma. Watu wakazomea, wanataka karate. Mimi nikabaki mdomo wazi. Mtu mzima wa miaka thelathini na mbili, fundi wa majokofu, mzaliwa wa Bariadi, ambako maji mengi niliyoyaona utotoni yalikuwa ya lambo la ng'ombe! Na maji nayaogopa. Naogopa kina, naogopa kichocho, naogopa kiboko. Mamba ndiyo usiseme. Sasa kilichonipeleka ni nini? Tangu kiwanda cha pamba kitupunguze kazi nimekuwa mtu wa kuogopa kila kitu. Labda nimechoka kuogopa vya nchi kavu peke yake.

Upepo unaanza saa nane mchana kutoka upande wa Mwanza, unalisukuma ziwa lote huku kwetu Lamadi. Saa tisa mawimbi yanafika kiunoni. Jumatano nikitoka kazini mapema nitarudi.

Jumatano, 13 Septemba

Nimeaibika, kisha nimetukuzwa. Lililo baya zaidi sijui ni lipi.

Nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya mfuniko, maji ya kifuani, nangoja wimbi. Hatua kama kumi mbele yangu kuna gogo. Nikalitazama. Nikaona kama nalo linanitazama. Akili ikakatika. Nikapiga kelele kwa Kisukuma, nikaliamuru liondoke, nikalitukana pamoja na mama yake. Gogo likazama.

Gogo halizami.

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka niko mchangani, na watu wa kokoro, ule wavu mrefu wa kuvutwa kutoka ufukoni, wako pale wamekaa juu ya nyavu zao wanapumzika. Nilingoja kicheko. Jumapili walinicheka mpaka mmoja akajilaza chini. Leo kimya. Halafu Mayige akasema, polepole, kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani: amemkemea, akazama.

Mayige ni jirani yangu, chumba chake na changu ni ukuta mmoja. Mtu wa Mwandoya, mtu wa ng'ombe. Ukame ulimmalizia mifugo akaja huku kuvuta kokoro na mkewe Nyanjige. Maji anayaogopa kuliko mimi. Kwenye timu yao yeye hushika kamba upande wa nchi kavu, na kuoga anaoga kwa kopo. Kama kuna mtu ambaye angenielewa ningemwambia "ndugu yangu, nilikuwa nakufa kwa woga", ni yeye.

Lakini watu kumi walikuwa wananiangalia kwa heshima. Miaka mingapi hajaniangalia mtu hivyo? Nikajifuta maji usoni, nikasema, "Tunafahamiana."

Mjinga mimi.

Jumapili, 17 Septemba

Ubao wa pili. Huu ni ubao kweli, ubavu wa mtumbwi uliovunjika. Mzito! Nimeuburuta mwenyewe mpaka kwenye mawe, kaskazini ya mwalo wa mitumbwi, maana pale mawimbi yanakuja upandeupande na hayavunjiki haraka.

Somo la leo: wimbi unalidaka kabla halijavunjika, siyo baada. Somo la pili: ubao mzito ukiinamisha pua unazama, kisha unarudi juu kwa hasira zake zote. Umenipata tayani. Jino moja linacheza.

Nikiwa chini nilifumbua macho. Giza la kahawia. Kitu kikanigusa mguu, laini, kikazunguka kifundo. Nilikunywa maji nikilia. Yalikuwa magugu maji. Nimeyatoa mguuni nikiwa nimekaa juu ya jiwe natetemeka, na akina mama waliokuwa wanafua wakaacha kufua. Mmoja akamwambia mwenzake kwamba ndivyo wenye dawa wanavyofanya, lazima azungumze nayo kwanza.

Alhamisi, 21 Septemba

Niandike yote kama yalivyo.

Tajiri wa kokoro ni Januarius. Ana pikapu mbili na sauti inayosikika mpaka Nassa. Viwanda vya Mwanza vinataka sangara, vinataka leo, siyo kesho, na kila mtu ruksa kuuza kwa amtakaye. Basi Januarius ameamua kokoro lihamie mlangoni mwa mto, unapoingia ziwani, ambako samaki wamejaa. Kokoro lenyewe lilishapigwa marufuku, lakini nani anauliza. Watu wake wamekataa kuingia. Mlango wa mto ni nyumba ya mamba, hata mtoto anajua. Januarius akasema atakayeingia mbele na kushika mti wa wavu atakuwa nyapara.

Leo jioni Mayige akabisha hodi, akanisalimia kwa Kisukuma. "Mwadila, baba." Ananiita baba, mtu aliyenizidi miaka kumi. Amebeba kuku mweupe na wembe mpya ungali ndani ya karatasi yake. Akasema anataka kuwa mtu wa mbele. Anataka arudi Mwandoya na ng'ombe, siyo na aibu. Nimpe dawa yangu ya mamba, kidogo tu, asinizidi mimi.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikamwambia mimi ni fundi friji. Akasema anajua, hata kule kwao nfumu, mganga mkubwa kuliko wote, alikuwa dereva wa trekta.

Hapo ningesema hapana, jambo lingeisha. Lakini alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu yangu, na mimi sijazoea, na nikajiambia ni mchezo tu, ni kumpa mtu moyo. Akajichanja mwenyewe, chale mbili kila kiwiko, mbili kila kifundo, moja kifuani. Mimi nikafungua sanduku la vifaa nikatoa kopo la grisi ya beringi. Nikampaka. Nikasema na maneno, Kilatini cha misa ya zamani na majina ya vipuri. Alifumba macho. Alipoondoka alitembea kama ameongezwa urefu.

Kuku nimemla. Alikuwa mtamu.

Jumapili, 24 Septemba

Ubao wa tatu, nimeutengeneza mwenyewe. Povu la maboksi ya samaki, vipande sita, nimevibana kwa uzi wa nyavu, juu nimevisha turubai na kushona. Unafanana na godoro la mgonjwa. Lakini mwepesi! Nimepiga makasia kwa mikono, nimesikia wimbi likininyanyua nyuma, nikaweka mguu mmoja, nikaweka wa pili.

Nimesimama. Siyo magoti. Nimesimama wima, ziwa linakimbia chini ya nyayo zangu na mimi nimetulia. Nilijisikia nikicheka peke yangu. Sekunde nne, tano labda. Kwa sekunde hizo sikuogopa kitu chochote, hata kufa, na nilikuwa nimesahau mtu anajisikiaje akiwa hivyo.

Kutoka juu pale unaona mbali. Nikatazama upande wa mto. Mstari wa watu na kamba, na mbele yao wote, peke yake, mtu yumo majini mpaka kifuani, ameinua mkono, anaimba. Nilimjua kwa wimbo. Ule wa kuswaga ng'ombe.

Nikaanguka. Sikurudi tena majini leo.

Jumatatu, 25 Septemba

Nimemwambia. Nimemkuta anapiga mswaki uani, nikamwambia wazi, Mayige, ile ni grisi, nimeitoa kwenye kopo, njoo nikuonyeshe. Nikamwonyesha kopo.

Akatikisa kichwa kwa upole. Akasema anaelewa, waganga wote hukana, wasije wakasumbuliwa na kila mtu. Hatamwambia yeyote. Akanusa kopo akarudisha kifuniko kwa mikono miwili.

Jumamosi, 30 Septemba

Sikutaka ubao mwingine, Mungu ni shahidi. Ubao umenifuata.

Lori la watalii lilisimama jana kituo cha mafuta, njiani kwenda Serengeti. Friji lao la chakula limekufa, nyama inanuka. Nikaitwa. Relei tu, kile kiwashio cha mota. Nilipotoka chini ya mashine nikaona juu ya paa, wamefunga kwa kamba, wenyewe kabisa. Ule wa kwenye video! Mrefu, mweupe, una pezi chini kama samaki. Umepasuka ubavuni. Mwenyewe alikuwa kijana mwenye ngozi iliyobabuka, akaniambia kwa ishara kwamba umeharibika, anaubeba bure tu tangu Afrika Kusini. Nikamwonyesha friji linavyonguruma, nikaonyesha ubao. Akacheka akanipa mkono.

Nimeziba ufa kwa fiba na gundi. Umelala ndani ya chumba kutoka mlangoni mpaka dirishani, naruka kuufikia mlango. Nimeutazama mpaka mshumaa umeisha.

Mayige yuko ng'ambo ya ukuta anakoroma. Leo ametoka mzima mlangoni mwa mto. Kila jioni nangoja nisikie anavyokohoa ndipo nile.

Jumatano, 4 Oktoba

Mamba amechukua ndama mlangoni mwa mto. Saa tano asubuhi, watu wanaona. Ndama alikwenda kunywa, akavutwa kwa pua, basi.

Nilifurahi. Naandika aibu yangu, nilifurahi. Nikasema sasa wataogopa, watatoka. Nikakimbia mpaka kwa Mayige. Alikuwa ametulia kabisa. Alikuwa hatua thelathini kutoka kwa yule ndama, amesimama majini, na mamba hakumgusa. Akaniambia, unaona, baba? Ndama hakuwa na dawa.

Jumapili, 8 Oktoba

Nilisema nitaingia mara moja tu. Baada ya misa, pale kwenye mawe, watu wakiwa mkutanoni. Magari ya kampeni yalikuwa yanalia barabarani, nikadhani hakuna atakayekuwa mwaloni.

Ubao huu hauna masihara. Ukiuweka mbele ya wimbi hausukumwi, unaondoka wenyewe. Nilisimama na nikabaki nimesimama. Ukakata upande, ukapanda mgongo wa wimbi, ukashuka, mimi juu yake nimechuchumaa, upepo masikioni. Kutoka kwenye mawe mpaka mwaloni! Mbio zile nilitaka ziishe na nilitaka zisiishe. Nilipiga kelele njia nzima. Ya woga, lakini nani anajua tofauti.

Nilifika mchangani nikiwa bado juu ya ubao, nikashuka kama mtu anayeshuka kwenye baiskeli. Nikainua kichwa. Watu labda sitini. Mkutano ulikuwa umehamia mwaloni.

Hawakupiga makofi. Akina mama wawili waliinama kidogo wakanipisha. Na watu wa kokoro, wanane, wamejipanga, kila mmoja na wembe.

Nimewafukuza. Nimewafukuza kwa ukali, nimesema sina dawa, sijawahi kuwa nayo, nitawapiga. Wameondoka wakiwa wananong'ona kwamba nimekasirika kwa sababu wamekuja mikono mitupu, bila hata kuku.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nimeacha maji. Siku ya nne siendi hata mwaloni. Nimesema wakiniona nakaa nchi kavu wataelewa kwamba ni mwoga tu kama wao.

Leo Mayige amenipitia kazini. Amekuja kunishukuru. Machozi yanamlenga. Akasema, Kasmiri, baba, sasa nimeelewa kwa nini huingii tena. Umenipa yote. Hukubakiza yako.

Nilishika spana nikashindwa kukumbuka ni ya nini. Amekuwa anaenda ndani zaidi, anasema, mpaka shingoni. Januarius anamwita nyapara mbele za watu. Hajui kuogelea! Yule mtu alikuwa na woga wake, na woga ule ndio uliomweka nchi kavu, akashika kamba yake, akaoga kwa kopo, akaishi. Mimi nimemtoa ule woga. Nimemtoa kwa grisi, jioni moja, kwa kuku.

Jumapili, 15 Oktoba

Nimeungama. Paroko hayupo, nimeongea na katekista Athanasi, nyuma ya kanisa, kwenye matofali. Alinisikiliza mpaka mwisho akafuta miwani yake. Akasema dhambi ameisikia, lakini mamba haungamiwi. Niandike barua kwa bwana samaki, yule afisa uvuvi wa Magu, kokoro ni haramu, aje alikamate, watoke mlangoni mwa mto kwa nguvu ya serikali. Na kwa sasa nikamwone mke wa Mayige.

Nyanjige alikuwa anaanika dagaa. Mwanamke mfupi, hana maneno mengi. Nilianza kuzunguka zunguka. Akanikatiza. Akasema anajua ni grisi, amefua shati la mumewe, kaka yake ana mashine ya kukoboa mpunga, grisi anaijua. Alijua tangu siku ya kwanza.

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia.

"Nimemwambia mara tatu. Anasema mwanamke hajui dawa." Akageuza dagaa upande wa pili. "Wewe ndiye uliyempaka, shemeji. Wewe ndiye utakayemtoa."

Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Jumatatu, 16 Oktoba

Nimefanya alivyosema. Nimejifanya mganga, maana mkweli hawamtaki. Alfajiri nilimwita Mayige chumbani, nikafunga mlango, nikakunja uso, nikamwambia nimeota, dawa imeisha nguvu. Hata mwezi haujatimia lakini imeisha. Asiingie tena majini.

Akanyoosha mikono, viwiko juu.

"Basi nipake upya, baba."

Nikasema siwezi. Haipakwi mara mbili. Nikaona uso wake unabadilika, unafungwa kidogo kidogo. Akauliza ni nani. Nikamuuliza, nani nini? Akasema, nani aliyekuja na ng'ombe wakati mimi nilikuja na kuku. Umemuuzia mwingine, Kasmiri. Hakuniita baba.

Nikaapa. Nikashika rozari. Akasimama, akasema kwa vyovyote haijaisha, anaisikia mwilini, na ili nijue haijaisha, leo hii hatasimama kwenye mchanga wa chini, atavuka mkondo.

Alivuka. Nimeambiwa na Nyanjige mchana huu. Alivuka na kurudi, maji yakimfika mdomoni, na upande wa pili aliwapungia mkono.

Kwa hiyo leo badala ya kumtoa nimemsogeza.

Alhamisi, 19 Oktoba

Mvua kubwa juu, upande wa Bariadi na Meatu. Hapa manyunyu tu. Mto unakuja wa kahawia, umebeba majani, umebeba mbuzi aliyekufa. Mamba wanafuata vile vitu. Nimesikia wavuvi wa ndoana wakisema.

Mayige hanisalimii. Nasikia anavyokohoa.

Jumamosi, 21 Oktoba

Saa nne asubuhi. Naandika hapa hapa mlangoni mwa mto, nimekaa mchangani.

Nilikuja na daftari ili niandike barua ya bwana samaki, niandike majina, idadi ya nyavu, na basi la saa sita liondoke nayo. Nilifika mistari miwili. Ndipo kokoro likanasa.

Limenasa kwenye kisiki, hatua ishirini ndani, pale pale maji ya kahawia yanapokutana na ya ziwa. Wamevuta, halitoki. Wavu umejaa sangara, unaona maji yanavyochemka. Upande wa pili wa mto kuna alama ya tumbo la mamba mchangani, pana kuliko mlango wa chumba changu, bado mbichi, inaingia majini. Kila mtu ameiona. Kila mtu anaangalia pengine.

Januarius amekaa juu ya boneti ya pikapu. Ametuma watu chumbani kwangu, wamevunja kufuli, wameubeba ubao kichwani mpaka hapa. Upo mbele yangu. Amesema fundi, una chombo, una dawa, nenda ukanasue, dakika tano tu. Nikasema sina dawa. Watu wakacheka kidogo, wale wanane, kicheko cha watu wanaojua siri.

Nimekataa. Nimesema siendi, naogopa. Nimelitamka mbele ya watu wote, NAOGOPA. Mayige akaja akasimama kati yangu na maji. Ni siku ya kwanza kuniangalia tangu Jumatatu. Akasema kama mwenye dawa anaogopa, aliyepewa haogopi. Akaanza kuvua shati.

Nikienda mimi nikarudi, kesho hao wanane wataingia, na wake zao. Nisipokwenda anakwenda yeye, sasa hivi. Nikienda nisirudi, wataamini kwamba ilikuwa grisi, wote, siku hiyo hiyo. Hilo la tatu nimelifikiria, nimeangalia ubao na nimeangalia ile alama ya tumbo. Sina ujasiri huo. Naandika ili ijulikane kwamba nililifikiria.

Nyanjige amesimama na beseni. Ananiangalia mimi, simwoni akimwangalia mumewe hata mara moja.

Kalamu ilikuwa bado mkononi. Sikujua la kufanya na mikono, nikaendelea kuandika ile barua, neno moja, neno la pili. Mayige alikuwa ameshafika kifundo majini. Akageuka akaniona. Akarudi.

Akauliza, sauti ya chini, sauti ile ya zamani, "Unaandika dawa, baba?"

Niliendelea kuandika. Akamgeukia Januarius akamwambia subirini, fundi ananiandikia, siingii mpaka amalize. Januarius akapiga honi. Mayige akainua mkono kumnyamazisha, yeye Mayige, akamnyamazisha tajiri. Kisha akakaa juu ya ubao wangu, miguu mchangani, mikono magotini, anangoja.

Kwa hiyo naandika.

Barua imeisha zamani. Naandika kompresa, kondensa, relei, themostati, gesi, beringi kubwa, beringi ndogo. Naandika Salamu Maria. Naandika Mayige wa Mwandoya, mume wa Nyanjige, hajui kuogelea. Naandika mwalimu wangu wa darasa la tatu aliitwa Ngeleja. Naandika upepo unaanza saa nane, na mawimbi yakianza hapa hapashikiki, hata Januarius ataufungua wavu auache. Sasa ni saa tano kasoro. Nikiinua kalamu anainua kichwa. Nimejaribu mara moja kupumzisha vidole, akashika ukingo wa ubao akataka kusimama, nikainama haraka.

Watu wamekaa. Mmoja amewasha sigara. Januarius ameshuka kwenye boneti, anakuja huku, anataka kuona ninachoandika, lakini kusoma hajui vizuri na hatakubali kuulizwa mbele za watu. Amesimama nyuma yangu. Namsikia anavyopumua. Amesema fupisha, fundi. Nimemwonyesha kidole, bado.

Nyanjige ameweka beseni chini. Amekaa karibu na mumewe, juu ya ubao, siyo karibu sana. Amemuuliza kitu, naye amecheka. Ameanza kumwambia habari ya ng'ombe fulani, nasikia jina la ng'ombe.

Mayige ameniuliza kama imebaki nyingi. Nimesema nyingi.

Nimegeuza ukurasa. Huu ndio wa mwisho kwenye daftari. Naandika kwa herufi ndogo.